Upanga Ulionolewa

Ulipita. Usigeuze shingo, nasema na wewe. Jumatano ile asubuhi, gari jeupe lilipokuwa limeegeshwa mlangoni kwa fundi wa visu, ulipita na mkate kwapani, ukasema "habari za hapa" na hukungoja jibu. Ulisikia watu wanabishana ndani. Ulimsikia mwanamke mzee akiuliza, "Liko wapi? Mwanangu, liko wapi?" Ukaongeza mwendo. Ukavaa miwani yako ya mbao, ukaenda zako kunywa chai. Basi leo utakaa chini usikie ulichokikimbia, maana kilichokuwa kinauzwa mle ndani ni chako pia.

Fundi huyo unamjua. Ndiye aliyenoa kisu cha jikoni kwako na mashoka ya bucha unakonunua nyama. Watu wa soko wanamwita Cheche, kwa zile cheche zinazoruka jiwe lake linapozunguka. Wiki mbili kabla ya Jumatano hiyo, mota ya jiwe iliungua. Ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Cheche akarudi kunoa kwa mkono, jiwe la maji juu ya goti, visu vinne pale alipozoea kunoa arobaini, na wenye mabucha hawana subira. Msimamizi wa soko, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kuona zikiandika, alimwambia huku akitazama pembeni:

"Meza haiwezi kukaa hivi hivi, Cheche. Ijumaa nisipoona mashine juu yake, nampa muuza vifuniko vya simu."

"Miaka kumi na tisa niko hapa, mkubwa."

"Ndiyo maana nimekungojea wiki mbili. Mwingine ningemngojea siku mbili."

Huo ndio mzigo aliorudi nao nyumbani. Mota mpya kabla ya Ijumaa, au meza iende, na meza ikienda ndiyo imekwenda.

*

Dalali wa vitu vya kale alifika Jumatatu. Huwa anazunguka vichochoroni na mkoba wa ngozi, anauliza saa za ukutani, redio za mbao, sarafu za wafalme waliokufa. Alimkuta mke wa Cheche mlangoni anachambua mchele.

"Shemeji, hakuna kitu cha zamani humu?"

"Cha zamani humu ni paa na mama mkwe wangu. Paa siuzi, tutalowa."

Kutoka ndani mama mkwe alicheka. Huyu ndiye Bibi. Macho yake yameingia ukungu, anamwona mtu kama kivuli tu, lakini masikio yako macho kuliko ya paka. Wakati anacheka, mkewe Cheche alikumbuka kile chuma kilicholala chini ya kitanda cha Bibi, kimeviringishwa kwenye blanketi la jeshi, tangu siku alipoolewa. Kila akifagia alikuwa akikigonga na ufagio.

"Mama," aliita, "kile chuma cha Babu, tumwonyeshe huyu?"

Bibi aliacha kucheka. "Aone," alisema. "Kuona si kuuza."

Ulikuwa upanga wa afisa wa kikoloni. Ala ya ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino, mpini umefungwa waya wa shaba, na bapa lote limekuwa kahawia kwa kutu. Dalali aliuvuta nje kidogo, akaona herufi zilizochorwa kwenye chuma, akarudisha haraka kama aliyefungua mlango wa bafu kumbe kuna mtu. Alipiga picha sita kwa simu. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya mota mbili.

Mkewe Cheche aliacha kuchambua mchele.

"Jumatano namleta mwenyewe anayekusanya hizi na kuziuza ng'ambo," alisema Dalali. "Ana panga sitini na tatu ukutani. Huyo hapatani bei, akipenda kapenda."

Hakusema upanga usiguswe. Kwa watu wa kazi yake jambo hilo halisemwi, kila mtu analijua. Lakini kwa watu wa kazi ya Cheche, kila mtu anajua jambo lingine: kwamba chuma hakitoki mikononi mwa fundi kikiwa na kutu.

*

Jumanne Cheche hakwenda sokoni. Alikaa uani, upanga mapajani, ndoo ya maji kulia, msasa wa aina tatu kushoto. Alianza na msasa mnene. Kutu ilitoka kama unga wa mdalasini, ikamjaa kwenye kucha. Chini ya kutu zikajitokeza herufi za mfalme fulani, taji, majani yaliyochorwa, na namba ndogo karibu na mpini. Alizitazama kidogo. Zilikuwa zimeliwaliwa, hazikunyooka, zilimkera macho. Akazipitia na msasa wa kati mpaka zikaisha.

Shubiri moja kutoka nchani palikuwa na pengo, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Hapo alijikuna kichwa. Fundi wa kweli haachi pengo kwenye makali, ni kama fundi cherehani aache kifungo kimoja. Na pengo halizibwi. Linaondolewa kwa kushusha makali yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mpaka yakutane na kina cha pengo. Kwa mota ni kazi ya dakika kumi. Kwa mkono ilimchukua tangu saa nne hadi saa tisa, mgongo unamuuma, jasho linadondokea chuma na yeye analifuta kwa kiwiko.

"Unanoa nini leo muda wote huo, mwanangu?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

"Kazi, Mama."

"Kazi ya nani?"

"Ya mtu tu, Mama. Utaona."

Alitaka iwe furaha ya ghafla. Mkewe alipotoka nje, aliinama juu ya bapa akajiona uso mzima, mpaka kovu la tetekuwanga puani.

"Mume wangu, humu mtu anaweza kupaka wanja."

"Mota mbili?" alisema Cheche. "Huyo bwana akiona hivi atatoa tatu."

Walicheka. Siku nyingi hawakuwa wamecheka pamoja.

*

Mkusanyaji hakuwa mgeni kutoka ng'ambo, ondoa hilo kichwani. Alikuwa mtu wetu, rangi yetu, lugha yetu, shikamoo yake kamili. Aliketi kwenye kiti pekee chenye egemeo, akatoa mkobani glavu nyeupe za pamba, akazivaa kidole kimoja kimoja kama daktari anayetaka kupasua. Dalali alisimama nyuma yake amekunja mikono, anatabasamu kwa niaba ya wote.

Cheche aliuleta upanga kwenye mikono miwili. Jua la mlangoni lilipiga bapa, likaruka ukutani.

Tabasamu la Dalali lilianguka. Mkusanyaji alipokea upanga, akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, akaleta mpini karibu na macho akitafuta namba.

"Nani amefanya hivi?"

Cheche aliinua mkono, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Mimi mwenyewe. Kwa mkono, bila mashine."

"Umefanya kazi nzuri sana."

"Ahsante, mkubwa."

"Umeuua."

Mkusanyaji aliongea taratibu, bila hasira, na upole ule ndio uliokata maini. Alieleza kwamba kutu ile ilikuwa na umri wa miaka mia. Kwamba zile herufi zilikuwa zinasema kiwanda, kikosi na mwaka, na ile namba ingemwonyesha hata jina la afisa mwenyewe, alizaliwa wapi, alisoma shule gani. "Kwenye picha zako," alimwambia Dalali bila kugeuka, "namba ilisomeka. Nimeshamjua mtu wake. Sasa nitamwonyeshaje mnunuzi? Huu sasa ni kisu kirefu."

"Lakini unakata, baba," alisema mkewe Cheche. "Jaribu. Unapasua unywele."

"Mama, hakuna anayetaka ukate."

Cheche alitazama viganja vyake. Sikiliza vizuri hapa, wewe uliyepita na mkate wako. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na kazi hiyo ndiyo iliyomwaga unga wa watoto wake. Hakuna aliyemwibia. Aliombwa tu afanye biashara ambayo sheria zake hakuambiwa.

"Bei ya sasa?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Bei ya kisu cha bucha," alisema Dalali. "Kikubwa kidogo."

Bibi alikuwa ameketi pembeni kwenye mkeka. Alinyoosha mkono. "Nipeni nikishike."

"Mama, ni kikali."

"Nimekilalia miaka sitini. Lete."

Walimwekea mapajani. Alilipapasa bapa kwa kiganja mpaka karibu na ncha, kisha akaanza kutafuta kwa ncha ya kidole, pole pole, pembeni mwa makali. Alikwenda mpaka mwisho. Akarudi. Akapima shubiri moja kutoka nchani, akabonyeza pale pale, akasita.

"Liko wapi?"

"Nini, Mama?"

"Pengo. Hapa palikuwa na pengo. Liko wapi? Mwanangu, liko wapi?"

Hapo ndipo ulipopita.

"Nimeliondoa," alisema Cheche. "Lilikuwa linaharibu makali."

Mikono ya Bibi ilibaki pale pale. Hakulia. Alizungumza akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Baba yangu alikuwa mpagazi wao. Hakuomba, walimkamata shambani na jembe mkononi. Siku ya tisa alishikwa na homa, akataka kutua mzigo. Sanduku la chuma, lilikuwa kichwani, amelishika na mkono wa kulia, hivi. Huyu mwenye upanga hakumwambia kitu. Alipiga. Ukapita vidole viwili, ukagonga chuma cha sanduku, likatoka pengo. Baba alikuwa ananiwekea kidole changu humo nikiwa mdogo, ananiambia, hapo ndipo vilipo vidole vyangu."

"Mama," Cheche alisema, "mimi hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa mtoto wa mpira. Halafu ukawa mtu mzima wa kazi. Nikasema iko siku atauliza."

Mkusanyaji alikuwa amesogea mbele kidogo kwenye kiti. "Na upanga mliupataje, Bibi?"

"Mwenyewe alikufa kwa homa hiyo hiyo, siku nne mbele. Wapagazi wakatawanyika. Baba akaubeba, ili usibaki mikononi mwa mwingine."

"Hadithi nzito," alisema Mkusanyaji, na nafikiri alimaanisha. Kisha akafungua mkoba. "Lakini hii haiwezi kwenda na upanga. Watu wanaonunua vitu hivi wanavitundika sebuleni, wanapokea wageni. Sasa tusikilizane. Upanga umekufa, kweli, ila karatasi inaweza kuufufua. Nina karatasi hapa. Mkiweka kidole, natoa bei ya mota moja, sasa hivi."

Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa. Alitoka nayo kwake, kabla hajasikia neno hata moja la nyumba ile.

*

"Isomwe," alisema Bibi.

Mkewe Cheche ndiye aliyesoma zaidi mle ndani, alifika kidato cha pili. Aliisoma kwa sauti, akifuata mistari na kidole. Jina la afisa, majina matatu. Cheo chake. Mji aliozaliwa, shule, kikosi, nishani mbili. Kwamba alipenda kuwinda na kuchora ndege. Kwamba kabla ya kufa alimkabidhi upanga huu, kwa shukrani, mtumishi wake mwaminifu, ambaye familia yake imeutunza kwa heshima mpaka leo.

"Umemaliza?" Bibi aliuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Baba yangu yuko wapi humo?"

"Ni huyo mtumishi."

"Anaitwa nani?"

Mkewe Cheche aliangalia tena karatasi, kama vile jina lingeweza kuwa limejificha chini. "Hajaitwa."

"Jina tunaweza kuongeza," Mkusanyaji alisema haraka. "Hilo halina neno."

"Na vidole?"

"Vidole hapana, Bibi."

Cheche alisimama. Ijumaa ilikuwa inampigia kelele masikioni. "Mimi ndiye mrithi. Nitatia sahihi mimi. Mama hataki, mimi nataka. Lete kalamu."

"Si kalamu," alisema Dalali, akafungua kikopo cha wino wa muhuri. "Kidole gumba."

"Najua kuandika jina langu."

"Tunajua unajua. Ila wanunuzi wanapenda kidole. Karatasi inaonekana ya watu wenyewe."

Cheche alivuta kikopo. Alichovya kidole gumba, akakibana kwenye karatasi kwa nguvu zote, akainua. Lilibaki doa jeusi, laini, lisilo na mstari hata mmoja, kama mtu aliyedondosha wino kwa bahati mbaya. Miaka kumi na tisa ya jiwe ilikuwa imesaga alama zote za vidole vyake. Dalali akasema, "Tena," akatoa karatasi nyingine. Doa. Kidole cha pili. Doa.

"Huyu jamaa hana vidole," Dalali alisema, akacheka peke yake.

Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, alichuchumaa mbele ya Bibi. "Bibi yangu, nisaidie. Ni sekunde moja tu." Akamshika kifundo cha mkono, akauvuta kuelekea kwenye kikopo. Bibi hakuvuta mkono wake. Aliuacha ulegee, akageuza uso kutafuta kivuli cha mwanawe.

"Nimekuzaa, siwezi kukunyima riziki. Ukiniambia niweke, naweka. Lakini uniambie wewe, kwa kinywa chako. Asiniambie huyu."

Cheche alifungua mdomo. Meza ilikuwa mle mdomoni, na watoto wawili, na karo, na kila kitu. Alisema, "Mama..." Akanyamaza. Akajaribu tena, na safari hii hata hilo halikutoka.

Ni mkewe aliyesogea. Yeye ndiye aliyeitaka mota ile kuliko wote, yeye ndiye aliyekuwa ameshahesabu Ijumaa mara mia. Alimbandua Dalali vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wa mama mkwe wake.

"Muache."

"Shemeji, fikiria watoto."

"Shemeji yako ni nani? Muache, nimesema." Akachukua karatasi zote tatu, akazikunja vizuri, akamrudishia Mkusanyaji. "Chukua, baba. Imeandikwa vizuri sana. Ila sisi hatukuwa na mtu wa namna hiyo."

Mkusanyaji alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Mlangoni aligeuka akamwambia Cheche, kwa upole ule ule, "Kazi yako ni safi. Kweli. Pole sana."

Gari liliondoka. Kisha Cheche alikaa chini kwenye mkeka, karibu na mama yake, akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu cha watu:

"Mama, Babu alikuwa anaitwa nani?"

*

Ijumaa meza ilikwenda kwa muuza vifuniko vya simu. Sitakudanganya kwamba jambo fulani lilitokea likawaokoa. Cheche sasa anazunguka nyumba kwa nyumba na jiwe la maji begani, na wiki iliyopita alibisha kwako ukasema visu vyako bado vinakata. Mtoto wao mkubwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mkewe amenunua daftari la kurasa mia. Kila alasiri anaandika, Bibi anasema. Msafara ulikuwa na wapagazi arobaini na mmoja. Baba yake alikuwa amewataja wote kwa majina, lakini alipotajiwa alikuwa msichana mdogo, na Bibi anakumbuka saba. Saba. Mengine yalikuwa kichwani mwake na hakuna aliyeyauliza, na sasa anaamka na jina ulimini halafu linatoweka kabla mkewe Cheche hajapata kalamu.

Na Mkusanyaji? Usifikiri aliondoka mikono mitupu. Jumatano ile ile, kabla ya adhuhuri, mtaa wa tatu kutoka pale, alinunua upanga mwingine. Kutu yake yote ilikuwepo. Karatasi ilikuwa ile ile, shukrani ile ile, mtumishi mwaminifu yule yule asiye na jina, na chini yake kidole gumba cha mzee mmoja, mistari yake yote safi kabisa. Hakuna aliyemsomea mzee huyo alichokuwa anakiwekea kidole. Watoto wake walikuwa kazini. Wajukuu walikuwa kwenye simu. Upanga umeshavuka bahari.

Mtaa wa tatu ni wako. Mzee wa mtaa huo aliyekuwa na upanga darini unamjua, maana unamwita babu.

Dalali anarudi Jumamosi. Nimemsikia akisema bado mtaani kwenu kuna bunduki moja, filimbi ya askari, na minyororo. Basi inuka. Usimalize chai hiyo. Nenda ukakae karibu na mzee wako, umuulize kitu kile kilimkata nani, anaitwa nani, alikuwa mtoto wa nani, na uandike kabla hajasahau. Akitaja watu arobaini na mmoja, andika arobaini na mmoja. Na Jumamosi mlango ukigongwa, ufungue wewe, uidai karatasi, uisome kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Nenda leo. Nenda sasa hivi.